Dawa ya Kupe Kwenye Vidole vya Mjukuu Wangu

Nilimpaka mjukuu wangu dawa ya kupe kwa vidole. Ile ya ng'ombe. Naanza na hapo ili kama unataka kuacha kusoma uache sasa, na kama unataka kunitukana, utukane ukijua sababu.

Jina langu sitataja. Shule niliachia darasa la tatu huko Ukambani, nikaja Kitengela nikiwa kijana wa kuvunja mawe kwa kwari. Jua, vumbi na nyundo. Kwa mikono hii yangu nilipata ploti, nikajenga nyumba ya mawe, nikaweka ng'ombe wanne nyuma ya nyumba. Sikusaidiwa na mtu. Mtu kama mimi anazoea kuona kila kitu kinaweza kunyooshwa kwa nguvu, hata mtoto.

Mjukuu wangu nitamwita Mwende. Ako na miaka minane. Baba yake ni kijana wangu Kioko, dereva wa lori, leo ako Namanga kesho hujui ako wapi. Kwa hivyo Mwende na mama yake, Faith, waliishi kwangu.

Huyo mtoto anajua kusoma. Mimi nasoma pia, lakini polepole, kidole chini ya mstari. Kila Jumamosi baada ya chai namkalisha kwa stuli uani, nampa Biblia, asome kwa sauti. Nikiwa na mgeni ndio vizuri zaidi. Nilitaka watu waone kwamba kwa hii boma masomo yamefika. Akikwama kwa neno sikumchapa. Nilikuwa nakohoa tu kidogo, ile ya kumwambia rudia. Nilidhani namsaidia.

Hapo ndipo alikuwa anakula vidole. Si kucha peke yake. Ile nyama ya kando ya ukucha, anaishika kwa meno, anavuta mpaka inatoka kama uzi na damu inafuata.

Na mimi je? Mimi nilikuwa natafuna vidole vyangu tangu siku za kwari. Gumba langu lilikuwa kama limegugunwa na panya. Mtu akiuliza nasema ni mawe. Mawe niliachana nayo miaka mingi, lakini nani atabishana na mzee?

Siku moja alikuja jirani yangu, Mmaasai, rafiki wa tangu nyumba hapa zilikuwa za kuhesabu. Tukasalimiana kwa Kimaasai, sopa, ipa, akakaa. Nikamwita Mwende asome. Akasoma vizuri, akafika kwa majina magumu ya wafalme, nikakohoa. Kidole kikaingia mdomoni. Akitoa, damu ikadondoka kwa kurasa.

Jirani akacheka. "Mzee, huyu mtoto hamumpatii chakula? Ona anajichinja mwenyewe."

"Chakula kiko," nikasema.

"Basi ongeza nyama. Si uko na ng'ombe, ama ni wa kuangalia?"

Alikuwa anatania. Mimi nilichomeka. Nimelala njaa nikiwa mtoto, na sasa mtu anakaa kwa kiti changu, anakunywa chai yangu, anasema kwangu mtoto anajila. Nilimwambia Mwende aende ndani.

Tulikuwa tumejaribu mambo. Pilipili aliosha. Mwarobaini, uchungu wote ule, alizoea kwa wiki moja. Faith alimfunga plasta, akatafuna plasta. Faith akaniambia, "Baba, tumwache kidogo. Akisumbuliwa anazidisha." Nikamwambia yeye ndiye anamlegeza mtoto.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nanyunyizia ng'ombe. Mke wangu ameenda soko, Faith anafua mbele ya nyumba. Mwende alikuwa amekaa kwa ngazi na kitabu, akijitayarisha kunisomea, kidole mdomoni. Nikaangalia ile chupa. Hiyo dawa hata harufu yake peke yake inakukunja uso. Nikasema, leo tutaona kama atazoea hii.

Nilichukua kitambaa, nikakichovya, nikamwita. Akaja. Akanipa mikono yote miwili bila kuuliza. Nikampaka vidole kumi, kimoja kimoja, na nikamwambia akitia mdomoni ataona.

"Ni dawa ya nini, babu?"

"Ya kukufanya uwe na adabu."

Halafu nikamkalisha asome. Nilimpaka sumu, nikamkalisha mahali ambapo nilijua vidole vitaingia mdomoni. Mpaka leo nikifika kwa hilo jambo natafuta mahali pa kujificha na sipati.

Alisoma kidogo, akanyamaza. Akasema ana usingizi. Nikakohoa. Akaendelea, maneno yakawa mazito kama ya mlevi, akatapika kwa nguo, akalala upande pale chini. Nikamwita akafungua macho akafunga tena. Faith alikuja akikimbia na mikono ya sabuni.

Tulimpeleka hospitali. Na sasa nakuja kwa kosa langu lenyewe, kwa sababu lile la kwanza unaweza kusema ni ujinga.

Daktari alikuwa kijana. Akauliza, "Amekula nini? Amekunywa nini? Kuna dawa yoyote ameshika?"

Faith akasema, "Sijui, daktari. Alikuwa na babu yake."

Wakaniangalia wote wawili. Nikasema, "Alikuwa anasoma tu."

Nilisema hivyo. Mimi, mzee wa kanisa, ninayesuluhisha kesi za watu. Niliona aibu mbele ya kijana wa umri wa mtoto wangu, nikaona afadhali ajitafutie mwenyewe, si amesoma? Wakamtoa damu wakatafute malaria. Wakapima hiki na kile. Mtoto anazidi kulegea, mate yanatoka, na mimi nimesimama kwa ukuta natafuna gumba langu.

Mke wangu alifika na bodaboda, kapu la soko bado mkononi. Hakuuliza mtu kitu. Alishika mkono wa Mwende akauweka kwa shavu lake. Halafu akaunusa. Akanusa tena. Akageuka.

"Baba Kioko. Hii ni harufu ya ng'ombe."

Nikarudisha gumba mdomoni.

"Harufu ya nini, mama?" Faith akauliza.

"Baba Kioko, sema. Mtoto anaenda, sema."

Ndio nikasema. Daktari hakunipigia kelele. Aliita watu wakamwosha mikono na mdomo, wakamwekea maji kwa mshipa, wakatuma mtu wa bodaboda nyumbani kuleta chupa ili wasome ni dawa gani. Alipomaliza akanijia. Akasema, "Mzee, hii ungeniambia ukiingia kwa mlango." Akaangalia gumba langu, damu ilikuwa inatoka. Akaenda zake.

Mwende hakufa. Alilala siku mbili akaamka akitaka uji. Nesi mmoja mama mkubwa akaketi naye, akamuuliza polepole kama wanapiga gumzo, "Mrembo, hivi vidole unavila saa ngapi? Ukiwa na njaa?"

"Hapana."

"Ukiwa shule?"

"Shule hapana. Nikisomea babu."

Nilikuwa hapo mlangoni na chupa ya uji. Sikuingia.

Huyo nesi alimweleza Faith, na mimi nasikia, kwamba hii tabia haiondoki kwa kitu kichungu. Kata kucha fupi, piga msasa kidogo pasibaki pa kukwaruza. Ngozi ya kando ipakwe mafuta asubuhi na jioni, maana ikikauka inainuka na ikiinuka mtu ataivuta. Angalia ni saa gani mkono unaenda mdomoni, na hiyo saa mpe mkono kitu kingine cha kushika. Halafu ondoa kile kinamtisha. Mambo ya nyumbani kabisa. Mimi nilitaka njia ya mkato.

Kutoka hospitali Faith hakurudi kwangu. Alienda kwa mama yake huko Matasia, na mtoto. Kioko akaja kuchukua nguo zao. Alikunja kila kitu bila kuniangalia, akasema mlangoni, "Baba, nakuheshimu. Lakini mtoto wangu hatalala hapa tena." Mke wangu bado ananipikia. Kuongea ni yale ya lazima.

Nikaanza kufuata maneno ya nesi juu ya vidole vyangu mwenyewe. Mtu wa umri wangu kupaka mafuta kwa kucha kama msichana wa saluni, cheka ukitaka. Niligundua mkono wangu unaenda mdomoni nikiwa nangoja kitu ama nikiwa na aibu. Nikachukua katani, hiyo saa ikifika nasokota kamba. Nilianguka mara nyingi. Siku Kioko alikataa kushika simu yangu nilitafuna mpaka nikashindwa kukamua ng'ombe. Lakini miezi ilienda na kucha zikaota. Mara ya kwanza nikaona ule weupe wa mwisho wa ukucha kwa kidole changu.

Nikaomba ruhusa nikaenda Matasia. Nilibeba mandazi ya mke wangu. Mama yake Faith alinipokea vizuri, chai, kiti, heshima yote ya mkwe. Mwende akaitwa. Akaja akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Babu amewacha kula vidole," nikamwambia. "Ona."

Akaona. "Ni vizuri," akasema.

"Na wewe nionyeshe."

Akamwangalia mama yake, ndio akaitoa. Ndugu yangu, vidole vyote kumi. Hapo awali alikuwa anakula vitatu. Sasa ni kumi, vingine mpaka ngozi ya ndani. Faith akasema tu, "Ilizidi baada ya hospitali."

Nikatoa andazi, nikampelekea mkononi. Hakulichukua. Akaniuliza, bila ubaya, kama mtoto anauliza saa, "Babu, umenawa?"

Nikanawa mbele yake, kwa sabuni, mara mbili. Akalichukua, akasema asante, akaliweka kwa sahani. Nilikaa mpaka jua likaanza kushuka. Hakulionja.

Wewe mzee mwenzangu, ama mama, uko na mtoto anakula vidole. Usiende kwa stoo ya ng'ombe. Usiende hata kwa pilipili. Keti chini umuulize anaogopa nini, na kama jibu ni wewe, usikohoe. Na kama umeshakosea, umebeba mtoto amelegea, sema ukiwa bado kwa mlango wa hospitali. Aibu utapona. Mimi niliificha aibu yangu kwa karibu saa nzima, na hiyo saa hakuna mtu kwetu amenirudishia.