Mluzi wa Jeti Yangu

Ndugu zangu, wiki hii nimeaibika mbele ya maprofesa na mama yangu mzazi, na aibu yote nilijipikia mwenyewe.

Nilikuwa natetea utafiti wangu chuoni hapa Morogoro. Nimehangaika na kompyuta kukokotoa jinsi hewa inayochomoka kwa kasi kwenye tundu, yaani jeti, inavyoyumba na kujikunja mpaka ikatoa sauti. Mama alishuka kutoka kijijini Kinole, milimani Uluguru, kuja kunisikiliza. Spika niliyoazima nikampa anishikie, nihangaike na projekta kwanza.

Zamu yangu ikafika. Nikabonyeza kitufe kwa madaha. Mluzi mwembamba ukajaa chumba, ukipanda na kushuka, mtamu kuliko nilivyoota. Kichwa kikavimba.

"Waheshimiwa," nikasema, "sauti hii ni hesabu tupu. Humu ndani hakuna upepo hata kidogo!"

Wakapiga makofi. Mama, ambaye upepo wa Uluguru ulikuwa unampuliza shingoni, akainuka taratibu, akafunga dirisha lililokuwa wazi kidogo nyuma yake.

Mluzi ukakatika.

Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza kama mtu anayeua kunguni. Kimya.

Profesa mkuu akavua miwani. "Shikamoo mama. Hebu lifungue tena, kidogo tu."

Mama akalifungua, mluzi ukarudi. Akalifunga, ukanyamaza. Profesa akanigeukia.

Mama akatumbukiza mkono kwenye kikapu chake.

"Mwanangu, na hii spika yako, niendelee kuishika?"