Watu wa Jumatano

Saa mbili asubuhi wameshatoka. Wako kumi na wanne, wanakata mtaa kuelekea zahanati, na mbele yao yuko fundi cherehani anayejulikana na wote kama Mama Vifungo. Nyuma anahema shemeji yake, dereva wa lori, akimvuta mkono.

"Shemeji, rudi nyumbani. Utatutia aibu."

"Aibu ipi tena? Si mliimaliza yote siku nilipolazwa?"

Mama Vifungo ana miaka arobaini na sita. Ugonjwa wa akili ulimwanza alipojifungua mtoto wa pili. Miaka kumi na moja sasa, sindano moja kwa mwezi ndiyo inayomweka kwenye cherehani. Hutolewa Jumatano tu, chumba cha mwisho cha zahanati, ubavuni mwa choo. Ndiyo maana watu wakizozana mtaani huulizana, "Kwani wewe wa Jumatano?"

Wiki iliyopita tangazo lilibandikwa: chumba kinageuzwa stoo, wagonjwa waende hospitali kuu, mwendo wa saa tano kwa basi.

"Nikikosa sindano miezi miwili, sishoni. Sijui hata uzi unapita wapi," anasema.

Basi akashona. Vitambaa kumi na vinne vya kifuani, herufi nyekundu: MIMI WA JUMATANO. "Jina walitupa wao. Sisi tumelivaa tu."

Shemeji anawapita mbio, anafika kwanza mlangoni kwa daktari. Shati limefunguka, jasho linamtiririka.

"Daktari, usiwasikilize hawa! Hawajui wanachosema!"

Daktari anamtazama, kisha anamgeukia Mama Vifungo, aliyesimama ametulia, barua ya kupinga tangazo mkononi.

"Mama, mtulizeni kwanza mgonjwa wenu."

Mlinzi anamshika shemeji bega.

"Mimi mzima!"

"Wote husema hivyo, kaka. Kaa hapo."

"Nina leseni ya lori!"

"Sawa, lori tutaliangalia. Kaa."

Kila anavyojieleza, ndivyo anavyozidi kukandamizwa kwenye benchi. Mama Vifungo anamwacha aonje kidogo.

"Mwachieni," anasema hatimaye. "Huyo ndiye mzima wetu. Wagonjwa ni sisi, na hatuondoki."

Wakakaa chini koridoni, wakarudi kesho yake, na keshokutwa.

Siku ya tatu daktari alilibandua tangazo. Chumba kipo hadi leo. Dawa bado hukosekana miezi mingine, na ikikosekana wao hukaa tena koridoni. Katika wale kumi na wanne, muuza maji amefariki kwa malaria, na fundi viatu amehamia kwa dada yake. Waliobaki wamepata wenzao wapya tisa. Mlinzi amehamishiwa geti la nyuma. Shemeji hajakanyaga tena zahanati, na neno Jumatano halitamki, husema "siku ile ya katikati."

Mama Vifungo anataka siku ya pili, Ijumaa. Barua ya kuiomba ameshaipeleka. Hajajibiwa, na nakala nyingine iko tayari.