Ukurasa wa Daftari la Papa

Tangu alipoingia kwenye karakana ya fremu ninapofanya kazi, hapa Molenbeek, sikumwamini. Mchoraji wa kabila la Blackfeet, wenyeji wa asili wa Marekani, misuko miwili kifuani, amekuja Brussels kwa maonyesho. Alileta michoro yake niitie fremu: farasi, watu na nyayo, vyote juu ya karatasi kuukuu zenye maandishi ya watu wengine. Alisema mababu zake walichora matendo yao kwenye ngozi za nyati. Nyati walipomalizwa, wakachora kwenye karatasi zilizokwisha kutumika.

Halafu akaliona daftari la papa, baba yangu.

Papa alikuwa mwalimu kwetu Uvira. Daftari lile la mahudhurio ndilo mwandiko wake pekee uliobaki, nami nililileta kazini kulishona maana kurasa zilianza kuachana. Huyu bwana akaniomba ukurasa mmoja wa kuchorea. Ebo! Mji huu umejaa vitu vyetu nyuma ya vioo vya makumbusho, na najua tabasamu la mtu anayeanza kwa kuomba kimoja tu. Nikalifunika kwa aproni.

Kesho yake akarudi, siku iliyofuata tena. Ili ajue karatasi ile ni ya mtu wa namna gani, nikamsimulia kwa Kiingereza changu cha kambi ya wakimbizi: vita vilipofika nilikuwa na miaka mitatu, nikapotea watu wakikimbia, na papa akarudi mjini peke yake, risasi zinalia, akanileta mgongoni. Kambini Kigoma, papa aliisimulia hadithi hii kila Krismasi.

"Nani aliona?" mchoraji akauliza.

Damu ikanipanda. Yaani mimi namshuku wizi, kumbe yeye ananishuku uongo! Akasema kwao ndivyo ilivyo: tendo halichorwi mpaka aliyeliona kwa macho yake athibitishe. Bon, sawa. Nikampigia simu maman, mama yangu aliyerudi Uvira, palepale, sauti juu, nimwaibishe mchoraji.

"Maman, siku ile ya vita, ni nani alirudiaka kunitafuta?"

 

"Papa yako alikuwa mbele na baiskeli," akasema. "Ni mie nilirudiaka."

"Na miaka yote hii ulinyamaza?"

"Aliipendaka sana ile hadithi, mutoto wangu. Nikamuachiaka."

Mchoraji hakujua Kiswahili. Alisimama na penseli yake akinisubiri nitafsiri. Ningeweza kumdanganya, papa akabaki shujaa, nani angejua? Nililia kwanza, kwa hasira, na wa kumkasirikia keshazikwa.

"Ni mwanamke," nikamwambia. "Mchore mwanamke."

Nikautoa ukurasa kwa mkono wangu mwenyewe. Akachora juu ya majina ya wanafunzi: nyayo zinazokwenda peke yake, nyayo zinazorudi, mama na mtoto mgongoni. Akaniuliza kama amtie na mwanamume wa baiskeli.

"Acha," nikasema. "Huo mwandiko ni wake. Unamtosha."