Dhoruba Zilizoanza na Bati

Mtafiti kutoka chuoni alipofika kwetu Busale, wivu ulinishika kabla hajamaliza kusalimia. Alikuwa anatafuta kumbukumbu za zamani za dhoruba. Alitaka kujua kama vile vimbunga vya baharini, ambavyo huku hutufikia mkia tu, upepo na mvua, kweli vimeongezeka. Akalishika daftari la mdogo wangu, aliyeketi kando yangu. Langu akaliweka juu ya gunia la mpunga.

Baba ndiye aliyetuzoesha: ukisikia upepo mkali, andika tarehe na idadi ya migomba iliyolala. Alipofariki, kila mmoja akaendelea na daftari lake. La mdogo wangu lina mwandiko mzuri. Kila chake ni kizuri, mume, kakao, hata migomba yake ikianguka watu huenda kumpa pole.

"Tazama, mama," mtafiti akaniambia, "kuanzia hapa dhoruba zimekuwa nyingi."

Hapo ndipo nilipokuwa nikipangojea. "Mwanangu, hapo ndipo huyu alipoezeka bati. Chini ya nyasi alikuwa analala fofofo, hasikii kitu. Lilipokuja bati, kila manyunyu kwake dhoruba."

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Mtafiti akalichukua daftari langu, akayalinganisha yote mawili ukurasa kwa ukurasa. "Na wewe, mama, uliezeka bati lini?"

"Mimi niko kwenye nyasi mpaka leo," nikasema, kifua mbele.

Uso wake ukachangamka. "Basi si bati! Tarehe zenu ni zilezile. Nyumba mbili, mashahidi wawili. Ndaga fijo, mama," akanishukuru kwa Kinyakyusa.

Nikalitazama daftari langu mkononi mwake. Kwa miaka yote ile, kila siku ya gulio nilipitia kwa mdogo wangu, na akiingia jikoni kuchemsha chai mimi nachungulia daftari lake. Dhoruba aliyoiandika yeye nami sinayo, naiongeza nikifika nyumbani. Sikuweza kuvumilia ipite kwake initupe mimi. Nyingine niliziongezea na migomba miwili.

Ili nimwangushe, ilinibidi nijitaje kuwa mwongo. Nikafungua mdomo.

"Dada, umeniokoa," mdogo wangu akasema, machozi yakimlengalenga.

"Si kitu," nikajibu.

Mtafiti akayafunga madaftari yetu pamoja kwa kamba moja, la mdogo wangu likiwa juu.