Visu vya Springi ya Lori

Enzi za Ujamaa nilikuwa dereva wa mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, kwenye kiwanja kimoja jirani na Kariakoo. Wapita njia walikuwa wakisimama kumtazama mwanamke juu ya mashine, nami nilipenda kutazamwa, sifichi.

Visu vyake viwili vikalika, vikawa vinang'oa nyasi badala ya kuzikata. Spea hazikuwepo mjini. Msimamizi wangu akaniambia kiwanja kisipokuwa tayari kwa Mei Mosi, mashine itapelekwa kwenye vyuma chakavu na mimi nitarudi kufagia barabara. Hasira zilinipanda. Mtumai cha ndugu hufa maskini, nikasema moyoni. Nikavifungua visu, nikavifunga kwenye khanga kuukuu, nikaenda navyo Ilala kwa mzee mmoja mhunzi, mtu wa kusini, aliyefua mapanga kwa springi za malori.

Alinifulia visu vipya vikali, nami nikatoka pale natembea kwa maringo. Kumbe mzee alivifua kama anavyofua panga, ncha moja pana na nzito, ili likishuka lishuke na uzito wake. Nilipowasha, mashine ilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, meno yakanigongana. Wenzangu wa kufyeka kwa mkono walicheka mpaka wakakaa chini. Nilitaka kulia, ila si mbele ya wale.

Nikazima, nikachomoa waya wa plagi injini isije ikaniwakia mikono ikiwa ndani. Nikalifungua lile bati la chini linalofunika visu, nikalivuta nje na kulipindua. Nyasi zilikuwa zimegandamana humo kama ukoko wa ugali, nikazikwangua zote. Kisha nikapigilia msumari ukutani, nikakitundika kisu kwa tundu lake la katikati. Upande mzito ukaenda chini. Nikaupiga tupa, nikakitundika tena, nikaupiga tena, viganja vikatoka malengelenge, mpaka kisu kikatulia bila kuinama upande wowote. Nikashika cha pili.

Mzee mhunzi akaja kuangalia kazi yake, akakuta nimeipunguza.

"Mwanangu, panga gani hili umelikata kichwa?"

"Shikamoo mzee. Hili halipigi, linazunguka."

Aliitikia marahaba, akakizungusha kisu kwenye msumari kwa kidole, akakitazama mpaka kikasimama. Halafu akachuchumaa, akanishikia visu nikaze bolti.

Mkesha wa sikukuu niliwasha tena. Mashine ilinguruma bila kutikisika, na nyasi zikaruka pembeni zimekatwa sawasawa. Wale wa kufyeka waliacha kazi, wakasimama kunitazama. Nilifurahi mpaka nikaimba kwa sauti, maana kwa ngurumo ile nani angenisikia? Nilipomaliza, msimamizi akanipungia mkono nishuke, inatosha. Nikajifanya sikumwona, nikazunguka kiwanja kizima mara nyingine, wala hapakuwa na jani la kukata.