Kombe la Mdogo Wangu

Mkwe wangu akiloweka zafarani ya biriani, mimi hutoka nje.

Mwaka ule baba alikuwa amechukuliwa na askari wa Mdachi kubeba mizigo. Mama alishuka kutoka Uluguru na mdogo wangu mgongoni, anawaka homa, nami nimeshika upindo wa kaniki yake. Huko juu alikwisha kuitambikia mizimu yetu kwa pombe na unga, ikanyamaza. Sasa tulikuwa barazani kwa mwalimu wa Kurani.

Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi kidogo, akampa mama maji hayo, kombe la kumponya mtoto.

“Mnyweshe lote, mwanangu.”

Mama akamtilia mdomoni. Likamtoka pembeni, likatiririka shingoni. Akamtilia tena. Mwalimu akamwekea mtoto mkono kifuani, akauacha hapo kitambo.

“Inna lillahi,” akasema.

Mama hakulia. Aliikodolea macho sahani, ambayo ilikuwa bado na maji.

“Maneno ya Mungu hayamwagwi chini. Sasa yaende wapi, mwalimu?”

Mama akanigeukia.

“Kunywa wewe.”

“Mimi siumwi, mama.”

“Kunywa!”

Nikanywa mpaka tone la mwisho. Yalikuwa na uchungu kwa mbali, yananukia waridi. Mama alinishika kidevu, akanichungulia machoni kama anayemtafuta mtu ndani.

“Unajisikiaje?”

Sikuwa nasikia chochote.

“Nimepona, mama,” nikamwambia.