Kinanda Kilichojua Kungoja

Kinanda chetu cha zamani kilikuwa na sauti ya filimbi yenye mafua, na tarumbeta yake ililia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Lakini kilikuwa na kidude kimoja nilichokipenda kuliko sauti zake zote. Kidude hicho kilikaa juu kushoto, na kazi yake ilikuwa kuongoza mwendo wa ngoma iliyojipiga yenyewe ndani ya kinanda. Ukikisukuma mbele, ngoma inakimbia. Ukikivuta nyuma kidogo kidogo, inapunguza mwendo bila mtu kujua ilianza kupunguza saa ngapi. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikifikia huku vile vingine vikiendelea kupiga.

Kwaya yetu ya Nyamasaria ilikinunua katikati ya miaka ya themanini, nikiwa mwalimu wa darasa la nne. Nilikiita kinanda changu ingawa hakikuwa changu, na hakuna aliyebisha kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kukipiga. Nilikifunika kwa kitambaa alichokifuma mke wangu, na mtu akiweka kikombe cha chai juu yake nilimtazama mpaka akiondoe.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mazishi. Jumapili tuliimba kanisani, lakini Jumamosi tulikuwa njiani, leo Maseno, wiki ijayo Kombewa, na kinanda kwenye mapaja yangu. Desturi ilikuwa hivi. Gari lililobeba maiti liliachwa barabarani, na akina mama wa kwaya walitembea mbele ya jeneza wakiimba, kutoka lango la boma hadi kwenye turubai. Mimi nilikuwa nimeshatangulia kuketi pale turubaini kando ya spika, nikiwatazama wakija. Wimbo haukuisha mpaka jeneza liwekwe chini na mama wa mwisho awe amepita mbele yake. Inaweza kuwa dakika tano, inaweza kuwa nusu saa, wewe unapiga tu.

Aliyetangulia siku zote alikuwa mwimbishaji wetu, mama mjane aliyekuwa akiuza samaki sokoni. Yeye ndiye aliyeanzisha kila wimbo, kwa sauti aliyoitaka na mwendo alioutaka, na sisi wengine tulimtafuta huko alikokwenda. Sauti yake ilikuwa pana, na hata wageni wasiomjua marehemu walilia walipoisikia. Nilimpenda mama huyo. Nilimpenda kama mtu anavyompenda shangazi anayemwogopa kidogo.

Miaka ya tisini ilipofika katikati, miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua. Alianza wimbo vizuri langoni, akifika nusu ya njia anachoka, na wimbo unachoka pamoja naye. Hapo ndipo kidole changu kilipofanya kazi. Nilivuta kile kidude nyuma kidogo, tena kidogo, ngoma ikamfuata hatua kwa hatua mpaka akafika turubaini, na watu wakasema kwaya yetu inaimba kwa heshima. Sikumwambia mtu. Nilijivunia siri ile kuliko cheti changu cha ualimu.

Basi mwenyekiti wa kwaya, kijana wa posta anayependa mambo mapya, akarudi siku moja kutoka harusi huko Maseno akiwa na homa ya vinanda. Alikuwa ameona kinanda kinachokula disketi, kina midundo mia moja, na besi yake inatikisa madirisha ya kanisa. Alitutangazia kwamba kwaya imekubali kununua kipya na kwamba mimi ndiye nitakayekwenda dukani kuchagua. Vijana wakapiga makofi. Baadaye, tukikunja viti, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ngoma mpya itasaidia pia kuamsha wimbo, maana siku hizi akina mama wanaburuta, na huenda wakati umefika mwimbishaji apumzike, binti mmoja mwenye nguvu ashike nafasi.

Kama ningesema kile kinanda cha zamani kinamsaidia, ningekuwa nimemwanika mama wa watu hadharani. Kama ningenyamaza, ngoma mpya ingemwacha njiani mbele ya waombolezaji, na huo ungekuwa mwisho wake wa kuimbisha. Nikaamua kwamba nitakwenda dukani, nitavikosoa vinanda vyote, nirudi niseme hakuna kinachotufaa. Kukosoa ni kazi ninayoiweza.

Lakini mwimbishaji mwenyewe akasema twende wote. Kitu atakachoimba nacho, alisema, lazima akione kwa macho.

Duka lilikuwa katikati ya mji wa Kisumu, la Mhindi mmoja mzee mpole aliyeuza friji, cherehani na vyombo vya muziki. Alituwekea vinanda viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, cha kijivu, chenye mdomo wa disketi na kioo kidogo kinachoonyesha namba. Cha pili kilikuwa cheusi na chepesi, na filimbi yake, lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri mpaka nikaona aibu kwa ile yetu. Nilivipiga vyote kwa zamu, na nikaanza kukosoa. Cheusi kilikuwa na besi nyembamba kama uji wa hospitali. Cha kijivu kilikuwa na midundo mia kweli, lakini hakuna hata mmoja uliojua benga, mdundo wa kwetu. Kulikuwa na rumba tatu, zote za watu waliovaa viatu vinavyobana. Kilikuwa pia na kitufe cha kumalizia wimbo. Unakibonyeza, na chenyewe kinamaliza kwa mbwembwe. Kitufe hicho kiliniudhi. Kinajuaje kama mama wa mwisho ameshapita?

Nikatafuta kidude cha mwendo. Hakikuwepo. Vyote viwili vilikuwa na vitufe viwili vidogo, cha kuongeza na cha kupunguza, na ukibonyeza, ngoma inaruka kutoka namba hadi namba. Moyo wangu ulifurahi. Hiyo ndiyo sababu niliyokuja kuitafuta.

"Piga ule wa kuingiza maiti," mwimbishaji akasema.

Nilimwambia hapa ni dukani. Akasema anajua. Akarudi hadi mlangoni, akasimama, akaanza kuimba kama yuko langoni kwa watu, kisha akatembea. Nikapiga kile cha kijivu. Alipita kwenye cherehani, akazunguka friji, na sauti yake ikalijaza duka lote. Mteja mmoja akavua kofia. Wanawake wawili waliokuwa wakitazama pasi wakasimama wima na kuinamisha vichwa, na mmoja akaanza kuitikia kwa sauti ya pili. Watu wa barabarani wakasimama mlangoni wakiulizana ni nani amefia ndani. Mwenye duka alikuja kwangu mikono imeshikana, akanisihi kwa upole tumalize, maana hakuna mtu anayenunua friji penye msiba.

Lakini hata kabla hajafika, jambo lilikuwa limeshatokea. Kwenye friji ya pili mama alipunguza mwendo, na ngoma haikupunguza. Nilibonyeza kitufe, ngoma ikaruka. Nikabonyeza tena, ikaruka tena. Na mguu wake ukakosa pa kukanyaga. Alisimama. Ngoma iliendelea peke yake mpaka nikaizima.

Alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilianza kumweleza haraka haraka kwamba kinanda hiki hakifai, kwamba hakina kile kidude, kwamba tubaki na chetu. Alinisikiliza akiitazama mikono yangu.

"Kwa hiyo ile yetu ulikuwa unairudisha nyuma," akasema.

Nikaificha mikono chini ya meza.

"Nyathina," aliniita kwa Kijaluo, mtoto wangu, "hii kinanda haina makosa. Ni mguu yangu imechoka, na wewe ulikuwa unanificha. Tangu lini?"

Nikamwambia ni mwaka wa tatu. Niliona haya kama mtu aliyeshikwa akiiba, ingawa sikujua nimeiba nini. Yeye akacheka, na nilipoona anacheka machozi yalinitoka mimi.

Akaniuliza kama ile ngoma ya cha kijivu inaweza kuzimwa, kibaki kinanda tu. Nikamwambia ndiyo, kitufe kiko pale. Basi tuchukue hicho, akasema. Vijana wapigiwe ngoma yao kwenye harusi. Kwa maiti, uzime. Miguu ya akina mama itatosha. Mimi niliyekagua midundo mia moja asubuhi nzima sikuwa nimefikiria kutotumia hata mmoja.

Wiki chache baadaye tulikuwa Kombewa. Mwenyekiti alisimama nyuma yangu akisubiri besi itikise turubai. Nilizima ngoma. Akina mama waliingia langoni, yeye mbele, na kitu pekee kilichopiga kilikuwa nyayo zao kwenye udongo. Alipochoka, nyayo zote zilipunguza pamoja naye, na mimi nikashikilia sauti moja ndefu mpaka apige hatua nyingine. Nilipogeuka, kofia ya mwenyekiti ilikuwa mkononi.

Mama wa mwisho alipopita, nikaacha. Mwimbishaji alikuja pale nilipoketi akihema, akaweka mkono juu ya kinanda kipya.

"Leo umenisubiri?"

"Nimekusubiri, Mama."

"Nimeona," akasema, akaenda kutafuta kiti.